Karavani Aliyoiacha Ilko Bandani

Ethelbert, Manitoba
25 Novemba 2001

Wifi yangu Tekla,

Salamu kwako na kwa shemeji Walter, na kwa mwanao Roman huko kwenye visima vya mafuta, ukimwona. Mimi ni mzima wa mwili. Theluji imeshafunika mabua ya ngano. Ng'ombe wawili waliobaki amewachukua jirani yetu Nestor mpaka nitakapojua la kufanya nao. Jumatano iliyopita tulisoma sala ya arobaini ya Ilko. Kanisani kulikuwa na baridi, padri alivaa koti juu ya joho. Nilipika kabichi za kuviringisha, kina mama wakaleta mkate. Watu wakala, wakasema kaka yako alikuwa mtu mwema, wakaenda zao.

Nilikutazamia mlangoni, Tekla. Siku ya maziko nilijiambia barabara za milimani zimefungwa. Siku ya arobaini sikujua nijiambie nini. Simu yako inalia tu, haipokelewi.

Lakini neno lililoniketisha niandike ni hili. Unaikumbuka karavani yetu ya faiba, nyeupe yenye mstari wa kijani, ambayo uliiita yai siku tulipoivuta kutoka Winnipeg ikiwa mpya. Kiangazi kilichopita uliposema utakuja kukaa nasi msimu mzima, ila hutalala nyumbani kwetu kwa sababu kaka yako anakoroma, Ilko alicheka akaenda moja kwa moja bandani na kuvua turubai. "Tekla atapata nyumba yake," alisema. Akang'oa sakafu iliyooza, akaweka mbao mpya. Akatoa jiko na kabati. Huko ndiko nilikomkuta, ameketi kwenye kizingiti cha karavani, msasa mkononi, kichwa amekiegemeza kwenye ubavu wa mlango. Nilidhani anapumzika. Nilirudi jikoni kumwekea chai.

Nataka kuimalizia. Sijui kazi hiyo, lakini nimemwona akiifanya. Baada ya Pasaka padri atakuja kubariki makaburi, na tutakula pale pale kaburini kama kawaida yetu. Nataka uwepo, ulale kwenye karavani yako. Mimi nilimjua Ilko akiwa na ndevu tayari. Umebaki wewe tu uliyemjua kabla ya hapo. Sitaki kukaa kwenye lile kaburi peke yangu na kikapu.

Wifi yako,
Dokia

Hinton, Alberta
30 Desemba 2001

Dokia wangu,

Barua yako imekaa mezani siku nyingi, na najua unazihesabu. Usinikunjie uso. Hata nikiwa huku milimani nauona ukijikunja.

Sisi wazima. Walter anakula kuliko mimi. Roman alikuja Krismasi ya Kiingereza, ile ya Desemba, akala, akalala kwenye kochi na viatu, akaondoka. Simu yetu ina kasoro, waya haukai ukutani. Siku ya maziko gari lilitusumbua njiani tukarudi. Siku ya arobaini ilikuwa jino. Umeshajua sasa, basi.

Unasema mimi ndiye niliyemjua kabla. Nitakupa kitu kimoja, ukae nacho. Nyumbani kwetu tulikuwa na bata bukini dume, mkorofi kama mkaguzi wa shule. Ilko alimwogopa. Kila tulipovuka ua kwenda shule alinishika mshipi kwa nyuma na kufumba macho, nami ndiye niliyekuwa macho yake. Nikisimama alikuwa ananigonga na paji la uso mgongoni. "Ameondoka?" "Bado." "Sasa?" "Bado, anakuulizia." Bata alikuwa ameshaondoka zamani, lakini nilipenda kushikwa mshipi.

Malizia hilo yai. Nitakuja.

Tekla

Ethelbert
20 Januari 2002

Wifi Tekla,

Nimeisoma ile habari ya bata mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Hakuwahi kuniambia. Kwangu alijifanya haogopi chochote.

Mkesha wa Krismasi yetu ya Januari nilikula kwa Nestor na mkewe. Tulipuliza viti kabla ya kukaa, tusije tukawakalia marehemu wetu. Kiti kilichokuwa jirani yangu nilikipuliza zaidi ya ilivyotakiwa, mpaka mke wa Nestor akanishika mkono akasema, "Inatosha, Dokia, atapata mafua." Tulicheka, halafu sote tukatazama sahani.

Sasa nikuambie nilichokiharibu. Juzi nilimpeleka Nestor bandani aniambie nianzie wapi. Akautazama mlango wa karavani. Akajaribu kuufunga, haukufunga. Juu unagota, chini umeacha nafasi ya kupita paka.

"Nani aliondoa nguzo?" akaniuliza.

"Nguzo gani?"

"Mti uliokuwa umesimama katikati, kutoka sakafuni mpaka darini."

"Nilidhani ni kipande kilichobaki tu. Nilihitaji nafasi ya meza."

"Meza? Humu? Ulikuwa unakaribisha wageni, mama?"

Nikamwambia. Wewe unajua tunavyoweka glasi ya maji na kipande cha mkate dirishani, na tunavyoacha upenyo, ili roho ipate kuingia na kutoka mpaka arobaini. Nyumbani niliweka. Lakini Ilko hakufia nyumbani. Basi nikaweka na kwenye karavani, nikauacha mlango wazi kabisa, siku zote hizo na baada yake. Sikutaka afike akute pamefungwa.

Nestor akawa anakwangua barafu kwa ncha ya kiatu. Kisha akanieleza taratibu. Karavani ile ni magamba mawili, la juu na la chini, yameunganishwa kiunoni. Hakuna mbao wala chuma ndani ya kuta zake. Kabati ndilo linalobeba paa. Ilko alipotoa kabati alisimamisha nguzo mahali pake, na mlango akaukaza kwa komeo ili umbo lisilegee. Mimi nimeondoa nguzo, nikaacha mlango wazi, na paa la banda likavuja theluji ikagandia juu yake. Gamba limelala.

"Litainuka?" nikamuuliza.

"Polepole. Ukilifanyia haraka litapasuka."

Tekla, nilimfungulia mlango, nikaivunja kazi yake ya mwisho.

Dokia

Hinton
3 Machi 2002

Dokia,

Mjinga wewe, na nakupenda.

Kaka yangu hajawahi kutumia mlango tangu azaliwe. Aliingilia dirishani kila alipochelewa, na baba yetu akawa anafunga milango bure. Ungeuziba mlango kwa misumari bado angepita. Kwa hiyo acha kulia, chukua jeki.

Usikasirike na ufupi wa barua. Siku hizi sipati nafasi ya kukaa. Walter yuko salama. Niambie kitu: mlango wa karavani hiyo unaweza kufungwa kwa nje, na ufunguo? Nauliza tu.

Habari ya Mei usiniulize sasa.

Tekla

Ethelbert
14 Aprili 2002

Wifi Tekla,

Theluji inayeyuka, ua wote ni tope. Mkeka wa mlangoni nimeuosha mara ngapi sijui. Padri anakusalimu, ameniuliza majina ya kuombewa, nikaandika na wazazi wenu.

Karavani imeinuka. Nestor aliweka ubao mpana darini na jeki chini yake, akanionyesha. Kila siku baada ya chai nilikwenda nikazungusha mkono wa jeki kidogo tu, nikasimama, nikasikiliza. Faiba ikichoka inalia kama barafu ya ziwani. Ikilia, naacha mpaka kesho. Ilipofika mahali pake tulirudisha kabati, tukalikaza kwa riveti mpya, ndipo tukaondoa jeki. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta kwa mikono miwili, kana kwamba ningeweza kuuzuia.

Nyufa nilizisafisha kwa msasa mwenyewe, nimevaa barakoa na koti la mvua la Ilko. Vumbi la faiba linawasha kama upupu, lilinikaa shingoni wiki nzima. Ukishasafisha, unalaza kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya ufa, unakilowesha kwa gundi, unakisugua mpaka viputo vyote vitoke. Ufa mmoja ulio ukutani juu ya kitanda alikuwa ameshauziba yeye. Huo sikuugusa. Umelainika hata kidole hakijui ulipo, lakini mimi najua.

Mipira ya madirisha ni mipya. Mstari wa kijani nimeupaka upya, Nestor anasema umepinda. Sijauona ukipinda.

Jumamosi tukaufunga mlango. Ulifunga kwa sauti ndogo, kama mtu anayeweka kikombe. Nestor akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kufurahi, Tekla. Nikaufungua tena.

"Mama, tumehangaika tangu baridi ili huo mlango ufunge," akasema Nestor.

"Nakagua bawaba."

Alijua siikagui. Akaenda kutafuta bisibisi ambayo haikuhitajika, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi nilikuwa nimeshaufunga.

Ndiyo, unafungwa kwa nje na ufunguo, na kwa ndani una komeo dogo. Kwa nini unaniuliza?

Baraka ya makaburi ni Jumapili tarehe kumi na mbili Mei. Nitakungojea stendi ya basi Dauphin siku ya Ijumaa. Godoro nimelianika.

Dokia

Ethelbert
13 Mei 2002

Tekla,

Kristo amefufuka.

Basi lilikuja, hukushuka. Nilisubiri na la jioni. Jana nilikaa kaburini peke yangu na kikapu.

Dokia

Hinton
2 Juni 2002

Dokia,

Amefufuka kweli. Uliniandikia mistari michache, nami sikustahili hata hiyo.

Walter hanijui tena. Si kila siku, lakini siku anazonijua zimekuwa chache. Ilianza akipotea humu humu ndani. Anatafuta choo, anafungua kabati, anafungua stoo, anafungua chumba cha Roman, na kila mlango anaoufungua unamwogopesha zaidi, mpaka anasimama ukumbini analia. Waya wa simu anaung'oa yeye. Anasema kuna mtu ndani yake analalamika.

Siku ya maziko tulitoka, naapa. Nilikuwa nimepika, gauni jeusi liko kiti cha nyuma. Tulipofika mji wa Edson tukasimama kutia mafuta. Niligeuka kulipa, nikamkuta ameshuka, anazungumza na binti wa pale.

"Binti, niitie polisi. Huyu mwanamke ananipeleka nisikokujua."

"Walter, ni mimi Tekla."

Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni kanisani. "Tekla ni msichana," akasema. "Ana nywele nyeusi. Wewe, bibi, unamfahamu? Basi nifanyie hisani, mwambie nimekwama hapa anifuate."

Nikamwambia Tekla yuko nyumbani anamsubiri. Ndipo akakubali kupanda gari, na nikageuza. Chakula cha kumzikia kaka yangu tulikila jikoni, mimi na Walter, naye akakisifu.

Roman akijua atampeleka nyumba ya wazee Edmonton, amshike mtu mwingine mkono. Nimemwambia baba yake amezeeka tu. Nimemdanganya yeye, nikakudanganya wewe, kwa gari, kwa jino, kwa simu. Nikiliandika linakuwa kweli. Leo nimeliandika.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekata tiketi mbili. Asubuhi ya safari hakunitaka chumbani. Nilikaa nje ya mlango wake na mabegi mpaka basi likaondoka.

Sikumzika Ilko, na sikula kwenye kaburi lake. Usinisamehe haraka, nitaona unanionea huruma.

Tekla

Ethelbert
12 Juni 2002

Tekla,

Sitakusamehe haraka, kwa sababu nina kazi. Nestor ameingiza grisi magurudumuni na kufunga ndoano nyuma ya gari langu. Karavani ni nyepesi, hata gari langu linaiweza.

"Mama, wewe hujawahi kuvuta hata toroli," ananiambia.

Nikamwambia, "Nimemvuta Ilko kwenda kanisani maisha yangu yote. Hii angalau ina matairi."

Nitakwenda taratibu, nitalala njiani mara mbili. Huwezi kuja, basi nakuja mimi. Tutakula huko, tumtaje huko, halafu nitarudi na karavani yangu. Usisafishe nyumba. Na Walter usimwambie mimi ni nani, nitajitambulisha mwenyewe kila asubuhi.

Usinijibu kwa barua, nitakuwa nimeshaondoka.

Dokia

Hinton
21 Julai 2002

Dokia, mwizi wewe wa kinyume,

Asubuhi ile ya mwisho nilikuwa namwogesha Walter, nikasikia gari lako. Nikasema unakwenda kununua mkate. Nilipochungulia, yai limebaki uani, mawe yamewekwa magurudumuni, ufunguo uko mlangoni. Kuku gani huyu anayetaga kwa jirani akakimbia?

Ulituona mwenyewe zile siku. Ulimwona alivyoingia ile jioni ya kwanza, akaketi kitandani, akavua viatu bila kuambiwa. Bado analala humo, nami nalala kitanda cha upande wa pili. Humo hakuna ukumbi. Akifumbua macho anaona jiko, meza, ndoo ya haja, mlango, na mimi. Hapotei. Tangu uondoke hajalia.

Jana aliniuliza jina langu. Nikamwambia.

"Jina zuri," akasema. "Mke wangu anaitwa hivyo."

Roman alikuja Jumapili. Nilimwambia yote. Alizunguka ile karavani, akaingia, akakaa na baba yake muda mrefu. Alipotoka hakutaja Edmonton. Akasema ataleta hita kabla ya baridi.

Lakini njoo uichukue, Dokia. Mimi sina haya, lakini si kiasi hiki. Ni mikono ya kaka yangu ile, nayo ni kitu pekee ulichobakiwa nacho ambacho alikishika mwisho. Siwezi kukuomba.

Tekla

Ethelbert
11 Agosti 2002

Wifi Tekla,

Salamu kwako, kwa shemeji, na kwa Roman, na ashukuriwe kwa ile hita aliyoahidi. Ngano ya majirani imeanza kuiva. Nestor anauza wale ng'ombe, nimemruhusu.

Hukuniomba, nami ndiyo maana niliondoka bila kuaga. Ungenisihi niichukue, na ningekubali. Najijua.

Lakini kuna jambo hukuliona, nawe ulikuwa jikoni unapasha maji ya kumwogeshea. Nililala nimeamua kurudi nayo. Asubuhi niliingia kukunja blanketi langu. Walter alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nywele zimesimama. Akaniambia niingie. Nikakaa. Akawa anapapasa ukuta juu ya kitanda, pale Ilko alipoziba ule ufa, akauona kwa kidole, Tekla. Mimi nilidhani hakuna mwingine anayeweza.

"Kazi safi," akasema. "Nani kafanya?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi nimpe mkono?"

"Amekufa."

Akaondoa mkono ukutani, akanishika mabega. "Pole, mama. Pole sana. Lini?" Nikamwambia. Machozi yakamtoka. Tukakaa. Baada ya kitambo akapapasa tena ukuta.

"Kazi safi hii. Nani kafanya?"

Nikamwambia tena, naye akanipa pole tena, na machozi tena, kama mtu aliyepata habari sasa hivi. Ilikuwa hivyo mpaka ulipokuja kumwita. Watu wa hapa walinipa pole zao mpaka arobaini, zikaisha, sasa wananiuliza habari za bustani. Siwalaumu. Lakini asubuhi ile, kwa mtu mmoja duniani, Ilko alikuwa amekufa leo, kama anavyokufa kwangu. Ningewezaje kumtoa mtu huyo mahali pekee asipopotea?

Ukinitafuta Mei, nitakuwa kaburini na kikapu, peke yangu. Nimeshalikubali hilo. Nitakutaja, na Walter nitamtaja kwenye majina ya walio hai.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Gari lilikuwa jepesi mno, kila upepo ulilisukuma. Nilipofika kwenye lango letu nilizunguka kwa upana sana, mpaka gurudumu likaingia kwenye majani, ili kitu cha nyuma kisigonge mwimo. Nestor alikuwa shambani kwake. Alizima trekta, akatazama nyuma ya gari langu, akavua kofia, kisha akawasha trekta tena.

Hata sasa nikirudi kutoka dukani nazunguka vile vile. Mikono haijapata habari.

Wifi yako,
Dokia